Breki za Chebet

Nimeona mmeacha kusalimia breki. Hakuna aliyeniletea maneno, nilijionea mwenyewe majuzi pale Kaptagat, nikiwa nimekaa juu ya gogo na magoti yangu mabovu. Kiplagat, huyu kijana anayewaongoza siku hizi, alipuliza filimbi, na nyinyi wote mkaingia msituni bila hata mmoja kufinya breki mbele ya mwenzake. Nikamuuliza, "Kiplagat, na breki?"

Akanijibu kwa heshima, maana ni kijana mwenye adabu. "Mzee, hiyo kitu ilikuwa inatuchelewesha sana. Watu wameshapasha misuli, halafu wanasimama dakika kumi wakifinya-finya, wanapoa. Na siku hizi kila mtu anajua breki yake."

Nilirudi Kimumu na hayo maneno kichwani. Kila mtu anajua breki yake. Nikakaa kwenye kiti changu nje ya nyumba, chai ikapoa mkononi, nikaona sasa imefika. Kuna jambo nimelibeba muda mrefu, na nimechoka kulibeba. Kwa hivyo nimemwomba Kiplagat awasomee haya kabla ya filimbi ya Jumamosi, hata kama mtapoa.

Wengi wenu mnaniita Mzee Ouma wa Mkia na hamjui jina lilitoka wapi. Nilikuwa fundi baiskeli. Nilikuja Eldoret kutoka upande wa Kisumu nikiwa kijana wa kutafuta kazi kiwandani, kiwanda kikanikataa, nikapokelewa na mzee mmoja wa Murang'a aitwaye Gitau. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza baiskeli, mlango mmoja, dirisha hakuna. Gitau hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alikuwa na sheria moja ambayo aliirudia mpaka ikanichosha. Mteja akileta baiskeli, usiguse kitu. Muulize kwanza, inakuuma wapi? Naye akuonyeshe kwa kidole. Alipoonyesha ndipo unapotengeneza, na hapo ndipo unapoachia.

Mimi niliona hiyo ni kupoteza wakati. Siku moja mwalimu alileta baiskeli yenye pancha. Nikaziba pancha, halafu nikaona kiti kimeinama upande, nikakinyoosha na kukikaza vizuri, nikijua nimemfanyia hisani. Baada ya siku mbili huyo mwalimu alirudi anachechemea. Kumbe alikuwa na nyonga mbovu, kiti alikiinamisha mwenyewe makusudi. Gitau alimtengenezea tena, akamwomba msamaha kwa niaba yangu, kisha akanigeukia. "Ouma, wewe una mikono mizuri," akasema, "lakini ni mikono ya kiherehere." Nilicheka. Nilikuwa kijana, nilidhani ananisifu nusu.

Haya, mashindano yetu ya baiskeli. Nyinyi mmeyakuta yana bendera, yana daktari, yana uji wa kumaliza nao. Sisi tulianza tukiwa watu kama kumi na wawili: walimu, wauguzi, watu wa boda, na wakimbiaji waliokuwa wameumia magoti. Mimi niliitwa nikaze cheni tu. Kazi ya kukaa nyuma na mtu wa mwisho niliipata kwa sababu nilikuwa mwenye umri mkubwa, na hakuna aliyeitaka.

Tulikosea sana. Mara ya kwanza tuliweka alama za njia kwa vitambaa vyekundu tulivyovirarua kutoka kwa mapazia ya zamani. Tukavifunga kwenye matawi Ijumaa, tukaenda kulala tukijisifu. Jumamosi asubuhi akina mama wa kuni walipita kabla yetu, wakaona kamba nzuri za bure, wakafunga mizigo yao nazo. Nusu ya waendeshaji wakatokea kwenye boma la mtu upande wa pili wa msitu, huyo mwenye boma akawahurumia akawapa maziwa ya mursik. Watatu walikataa kabisa kurudi kwenye mashindano, walisema pale walipo ni afadhali. Tangu siku hiyo nilianza kuzunguka msituni siku moja kabla. Nawasalimia akina mama, nawasalimia wachungaji, nawaambia kesho watoto wetu watapita hapa kwa kasi, nawaachia vitambaa vingine vya kufungia kuni. Tangu hapo wao ndio waliokuwa wakitupigia kelele tukipotea. Mkitaka njia iwe salama anzeni na wenye njia.

Kosa letu lingine ni la watu wa hapa tu. Eldoret kila mtu ana mapafu ya mkimbiaji. Mgeni anakuja na baiskeli ya kuazima, hajawahi kushindana, na kwenye mlima anawaacha wazoefu wote wakihema. Tulikuwa tunampigia makofi. Halafu anafika juu, mbele yake kuna mteremko wa mawe na mizizi ya misonobari, na huyo mtu hajawahi kuteremka kitu chochote isipokuwa barabara ya lami. Nilizika helmeti nyingi zilizopasuka kabla sijaelewa kwamba hapa kwetu kupanda hakuna haja ya kumfundisha mtu. Ndiyo maana nilileta ile sheria ya wageni kuteremka kwa miguu mara ya kwanza, wakiikokota baiskeli, wakiangalia kila mzizi. Walinung'unika, ati ni aibu. Niliwaacha wanung'unike.

Na kule mkiani, sikilizeni, msimwambie mtu wa mwisho "harakisha." Msimwambie "tumekaribia" kama hamjakaribia, anajua mnamdanganya. Muulizeni kama amekula. Mimi nilikuwa nabeba viazi vya kuchemsha mfukoni, vimefungwa kwa karatasi. Na msimpite hata akisimama. Nimewahi kusimama na daktari wa meno, mtu mzima, analia kwa sababu cheni imekatika na mkewe yuko pale mwisho anamngoja na kamera. Nilimaliza viazi vyote viwili nikimsubiri. Ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko mnavyofikiri, na niliipenda, na huko mkiani ndiko nilikojificha.

Sasa Chebet.

Mnamjua. Ni yule mama wa kijiji cha Ziwa mwenye ng'ombe wa maziwa, ambaye bega lake la kushoto limekaa chini kidogo kuliko la kulia. Ndiye aliyechukua mkia nilipoacha mimi, na wengi wenu ndiye aliyewafundisha. Mnamjua pia kwa ile hadithi. Mgeni akianza kuogopa, lazima mmoja wenu amwambie, "Usijali, hata Chebet siku yake ya kwanza alishikwa na hofu akafinya breki ya mbele, akapaa juu ya usukani." Mnacheka, na Chebet mwenyewe anacheka. Hiyo hadithi ni ya uongo, na uongo huo ni wangu.

Ilikuwa hivi. Chebet alikuwa mkimbiaji mpaka goti lilipokataa. Akanunua baiskeli ya mtumba, akajifundisha mwenyewe miezi kadhaa kwenye barabara za murram kule kwao. Ijumaa moja alasiri akaileta kwangu, kesho yake ndiyo ingekuwa siku yake ya kwanza kushindana.

"Mzee, gia zinaruka nikipanda," akasema. Akaonyesha kwa kidole. "Hiyo tu, zingine ziko sawa."

Gia nilizimaliza haraka. Alikuwa ameshaenda, aliniachia baiskeli ili ibebwe na zingine kwenye pikapu asubuhi. Nikaizungusha, nikafinya breki, nikaona ya mbele iko mkono wa kushoto. Sasa nyinyi mmezaliwa na mitumba, hamtaona ajabu. Mimi nilikulia kwenye zile baiskeli nzito za blakimamba, ambazo breki ya mbele iko kulia, na pikipiki ni vivyo hivyo. Lakini mitumba inatoka nchi nyingi, na kuna nchi ambako ya mbele huwekwa kushoto, na watu wao wanaishi vizuri tu. Siku hiyo hilo sikulijua. Nilidhani kuna fundi mjinga aliyekosea nyaya. Nikamwonea Chebet huruma, nikazibadilisha. Ya mbele nikaileta kulia, ya nyuma nikaipeleka kushoto, nikakaza kila kitu, nikatia mafuta. Nikajiambia nitamwambia asubuhi.

Asubuhi ng'ombe wa mtu walikuwa wamekula vitambaa vya kona mbili. Nikakimbizana na hiyo kazi. Nilimwona Chebet mstarini, amevaa helmeti kubwa kuliko kichwa, nikampungia mkono, akanipungia. Filimbi ikalia. Mwanzo wa njia ile mnaujua, ni kupanda tu, hakuna mtu anagusa breki mpaka juu.

Yeye alipanda na wale wa mbele. Mimi nilikuwa mkiani kama kawaida, kwa hivyo niliwakuta wameshamzunguka, kwenye ile kona iliyo chini ya mikaratusi. Alikuwa ameketi chini, mkono wa kushoto ameushikilia kifuani, uso umekuwa wa majivu. Mwalimu mmoja alikuwa anamfunga kwa leso.

"Nilifinya ya nyuma," Chebet alikuwa anasema. "Nilifinya ya kulia, ya nyuma."

"Pole," mwalimu akamwambia. "Mtu akiogopa hajui anafinya gani. Ulifinya ya mbele."

"Nilifinya ya kulia."

Nikainua baiskeli yake kutoka kichakani. Mkono wangu wenyewe ukafinya breki ya kulia, nikaisukuma kidogo. Gurudumu la mbele likakataa kuzunguka. Wengine wote walikuwa wanamtazama Chebet, hakuna aliyenitazama mimi. Yeye tu ndiye aliyeinua macho.

"Si ndiyo, Mzee? Si ya kulia ni ya nyuma? Wewe ndiye ulikuwa nayo jana."

Nikasema, "Pole, Chebet. Hutokea."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nimeyasikia kila siku tangu hapo. Walimpeleka hospitali kwa ile pikapu, na mimi nikaenda na baiskeli kibandani, na kabla kaka yake hajaifuata nikarudisha nyaya zilivyokuwa. Ya mbele kushoto, ya nyuma kulia. Haikunichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Kufanya kosa ni kitu kimoja, nadhani Gitau angenisamehe hilo, angeniita kiherehere tukaendelea. Lakini kulifunika kwa spana, hilo sikufundishwa na mtu.

Mfupa wa bega uliunga vibaya, lakini uliunga. Baada ya miezi Chebet akarudi. Sikutegemea. Nilimwona anakokota ile baiskeli kuelekea mstarini. Akasimama mbele yangu.

"Mzee, simama hapo uniangalie," akasema. "Niambie kama nakosea." Akafinya mkono wa kushoto, akaisukuma baiskeli. "Hii ni ya mbele." Akafinya wa kulia. "Hii ni ya nyuma. Ni sawa?"

"Ni sawa."

"Sitaki mkono wangu unidanganye tena."

Ningeweza kusema hapo. Watu walikuwa wachache, asubuhi ilikuwa na baridi, hata hakungekuwa na kelele. Badala yake nikamwambia hilo ni jambo zuri sana, kila mtu alifanye. Na kila mtu akalifanya. Mgeni anaanza, anafinya mbele ya mwenzake, anasukuma, anataja kwa sauti. Tukaliita kusalimia breki. Watu walipokuja kututembelea kutoka miji mingine walilisifu, wakaniuliza nimelitoa wapi, na mimi nikasema ni la Chebet, nikajiona muungwana.

Sasa msinielewe vibaya mkadhani kwa sababu lilizaliwa na uongo basi ni la kutupwa. Kwa macho yangu nimeona pale mstarini watu wakigundua breki zao ziko kinyume na walivyodhani, kwa sababu baiskeli ni ya shemeji, au ya kuazima kwa jirani. Nimeona waya uliobakia uzi mmoja. Nimeona muuguzi akifinya breki ya nyuma ikabaki mkononi mwake, akaniangalia kama mimi ndiye nimeivunja. Hao wote wangefika juu ya ule mteremko na breki hizo. Kiplagat, dakika kumi ni bei ndogo, wape watu masweta wasipoe.

Lakini kuna kitu ambacho hamkukiona, na mimi nilikiona kila Jumamosi. Chebet hakushindana tena. Alikuja nyuma kukaa nami, akisema anapenda kuwa na wageni. Tukifika kwenye mteremko wa mikaratusi wageni wanashuka kwa miguu, na yeye anashuka nao, anakokota. Mlisema ni upendo, na kweli anawapenda. Lakini hata siku ambazo hatukuwa na mgeni hata mmoja, alishuka kwa miguu. Mwanamke aliyewaacha wanaume wote mlimani, anakokota baiskeli mahali ambapo nyinyi mnaruka mkipiga mbinja. Nilitembea kando yake miaka hiyo yote nikizungumzia mvua.

Ndiyo maana nasema nimechoka. Siku niliyosikia "kila mtu anajua breki yake" niliona mmoja wenu atavunjika pale, na watamwambia aliogopa, na ataamini. Kesho yake, Jumapili, nikaenda Ziwa.

Nilimkuta anakata majani ya nepia nyuma ya zizi. Alifurahi kuniona, akataka kuacha panga atafute kiti. Nikamwambia asiache, nikisema nikiwa nimeketi sitamaliza. Nikamwambia yote: gia, nyaya, pikapu, kona, na nilivyozirudisha. Aliendelea kukata mpaka fungu likaisha, kisha akaendelea kukata penye kitu hakuna.

"Kwa hivyo nilifinya ya kulia," akasema.

"Ulifinya ya kulia."

"Nilimwambia mume wangu hivyo hivyo, akasema nimegonga kichwa. Nilimwambia daktari. Mwisho nikajiambia watu wote hawa hawawezi kukosea, ni mimi." Akaweka panga chini. "Mzee, bega lilipona. Unajua kwa nini sikushindana tena? Nilijua mimi ni mtu ambaye akishikwa na hofu mkono wake unafanya kitu kingine. Hata kuendesha gari nilikataa. Hata mtoto akiwa mgonjwa usiku mume wangu hayuko, niliita jirani aendeshe."

"Nisamehe, Chebet. Najua nilivyokufanyia."

"Hujui."

Alichukua nepia akawapelekea ng'ombe, na mimi nikasimama pale kama nguzo. Mnajua mtu kutoka kwenye boma la Ziwa bila kikombe cha chai ni nini. Nilitoka bila chai. Nilipofika langoni akaniita.

"Uwaambie wote," akasema. "Walicheka wote, basi wasikie wote. Si mimi nitakayewaambia."

Basi mmesikia. Kuanzia leo atakayesimulia ile hadithi kwa mgeni aisimulie ilivyo: Chebet alifinya breki aliyopaswa kufinya, na fundi Ouma ndiye aliyeibadilisha bila kumuuliza, kisha akanyamaza. Mtajeni jina langu, msiseme fundi fulani. Na mgeni wenu akianguka na kuwaambia alifanya hivi, kabla hamjamwambia aliogopa, inueni baiskeli yake muifinye. Nyinyi mafundi wadogo, msiguse kitu ambacho mwenyewe hajawaonyesha kwa kidole. Kama mmegusa mwambieni, hata kama ni saa ya filimbi, hata kama ng'ombe wamekula njia nzima.

Nimebakiwa na moja tu. Jumamosi iliyopita sikuja mstarini, nilijua sina haki ya kusimama pale. Nilipita njia ya nyuma nikaenda kukaa kwenye ile kona chini ya mikaratusi. Nyinyi mlipita, wengine mkanisalimia. Halafu kukawa kimya muda mrefu, mpaka nikasikia sauti huko juu. Alikuwa Chebet na wageni wawili. Wageni wakashuka kwenye baiskeli kama inavyotakiwa. Yeye akasimama hapo juu kitambo, nikaona anawaambia kitu, wao wakasogea pembeni ya njia.

Akaja ameketi juu ya baiskeli. Pale kwenye mizizi alifinya kidogo kwa mkono wa kulia, gurudumu la nyuma likakwaruza udongo, akaikata kona. Alipita hatua tatu kutoka nilipokaa, macho mbele. Hakunisalimia, na hakufinya tena mpaka chini.